Hariri ya Kihindi yenye simba wa mkonga na ndege wa vichwa viwili: nikate au nisikate?

Fundi wa Makoroboi

Wanajukwaa, habari za saa hizi. Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike hapa Makoroboi, Mwanza, jirani na hekalu la Wahindi. Nina kazi mezani imenishinda kuianza, na mshono wala si tatizo.

Mteja wangu, mama wa makamo, ana binti anayefanyiwa sendofu mwezi ujao. Kaniletea kitambaa ndani ya rambo jeusi, kimekunjwa hovyo, akasema: fundi, humu nitolee gauni la binti, mimi blauzi, kinachobaki nishonee mito ya makochi. Nikamwambia sawa mama, acha hapo. Nikafungua rambo baada ya yeye kuondoka. Mito ya makochi!

Kwanza uzito. Nimezoea satini na hariri za dukani ambazo feni ikiwaka tu zinaondoka mezani. Hii inakaa palepale. Katikati ni rangi ya bilinganya, na ukiigeuza kwenye mwanga inaingia wekundu. Pindo za pande zote mbili ni pana zaidi ya kiganja changu, nyekundu iliyokolea, zimefumwa nyuzi za dhahabu. Sehemu nyingine dhahabu imeanza kuwa nyeusi. Ncha moja ya kitambaa imejaa dhahabu tupu, karibu mita nzima.

Sasa kilichonisimamisha ni wanyama. Kwenye pindo kuna mmoja anajirudia mwanzo hadi mwisho: kifua cha simba, miguu ya simba, mkia umejikunja juu ya mgongo, lakini usoni ana mkonga, na pembe za ndovu zimechomoza. Kati ya simba mmoja na mwingine kuna ndege wa jamii ya bata, ila mkia wake umechanua hadi ukawa majani. Na kwenye ile ncha ya dhahabu kuna ndege mkubwa wa vichwa viwili, kimoja kinatazama kushoto, kingine kulia. Kashika vitu vidogo kwa midomo na kwa kucha. Kwa macho matupu ungesema panya. Nikaazima miwani ya kusomea ya mzee wa duka la vifungo: ni tembo. Ndege kabeba tembo!

Historia ninayoijua ni fupi. Mama yake mteja alifanya kazi za ndani miaka mingi kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka mtaa wa Rwagasore. Walipohama, bibi mwenye nyumba akamwachia sanduku la nguo, na hiki kilikuwa chini kabisa.

Naomba kujua: hawa wanyama ni nini? Kitambaa ni cha zamani kweli, au ni hizi za kiwandani zimechakaa tu? Na la msingi kwangu: nikikata naharibu kitu? Mteja ni mteja, analipa, lakini mkasi nimeuweka chini tangu siku hiyo na wasaidizi wangu wananicheka.

Sato Mkavu

Dada, vichwa viwili hiyo ni frimasoni, haihitaji profesa. Rudisha mzigo kwa mwenyewe kabla cherehani haijaanza kushona yenyewe usiku.

Fundi wa Makoroboi

Ikianza kushona yenyewe usiku nitaiongezea kazi, nina sare za kwaya mbili zinanidai.

Mjukuu wa Ba

Fundi, pole na kazi. Mimi mzaliwa wa Mwanza, na hekalu unalolitaja ndilo tunaloendea sikukuu tangu nikiwa mtoto. Sato, acha kutisha watu. Ndege wa vichwa viwili yuko kwenye bendera ya Albania na ya Serbia, yuko kwenye nembo ya Urusi, na kila mmoja ana sababu zake.

Lakini fundi, nikueleze kwa nini nasita. Wazee wetu walitoka Gujarat, na familia nyingi za Kihindi hapa mjini ni hivyohivyo. Kwetu hariri ya heshima kubwa ni patola, inayofumwa mji wa Patan na ukoo wa Salvi. Ba, yaani bibi yangu, alikuwa nayo moja tu, haikutoka kabatini ila kwa harusi. Namna inavyotengenezwa inachosha hata kusimulia. Nyuzi zinafungwafungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, na si za urefu peke yake wala za upana peke yake, zote mbili. Kisha mfumaji anakaa anazipanga ili doa la rangi la uzi huu lidondokee juu ya doa la uzi ule. Zikipishana kidogo, tembo anapoteza mguu. Sari moja inakula miezi, watu zaidi ya mmoja wakiwa kazini.

Patola ina wanyama, ndiyo. Kuna mtindo wa tembo na wanawake wanaocheza, unaitwa nari kunjar, na mwingine wa tembo na kasuku. Kuna zilizofumwa na tembo wakubwa na chui milia kwa ajili ya kuuzwa visiwa vya Indonesia, enzi ambazo nguo za India zilibadilishwa kwa viungo na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilikuwa inazibeba kwa meli. Huko Indonesia watu hawakuzifanya vazi la kila siku. Walizihifadhi kama mali ya ukoo, wanazitoa kwenye mazishi na sherehe kubwa, na wengine waliamini zina nguvu ya kuponya. Ndugu zetu walifuma bidhaa, wenzao ng'ambo wakapokea kitu kitakatifu.

Ila tembo wa patola ni tembo, na kasuku ni kasuku. Simba wa mkonga hakuwemo kabatini kwa Ba. Mimi nimemwona kwa macho kwenye nguzo za mahekalu ya kusini mwa India tulipokwenda kuhiji, amesimama kwa miguu ya nyuma, mrefu kuliko baba yangu.

Nifanyie mambo mawili. Geuza kitambaa uangalie nyuma: patola haina nyuma, pande zote mbili ni sawasawa, na kingo za picha zake zina ukungu kidogo. Kama nyuma kuna nyuzi za dhahabu zinapita ovyo, si patola. La pili, muulize mteja yule bibi aliolewa kutoka mji gani. Si kila mke wa Mgujarati ni Mgujarati.

Fundi wa Makoroboi

Dada yangu, asante sana. Nimegeuza. Nyuma picha zinaonekana kwa kinyume na nyuzi zinapita, kwa hiyo patola tuiondoe.

Nikaona na kitu kingine kilichoninyima usingizi kama fundi. Pindo ni jekundu, katikati ni bilinganya, nikatafuta mshono unaounganisha, hakuna. Nimepitisha kucha, nimepitisha sindano butu, hakuna. Nyuzi za upana za rangi moja zinafika pale kwenye mpaka, zinashikana na za rangi nyingine, na kila upande unarudi kwao. Mpaka wenyewe una meno madogo madogo. Sijawahi kuona hivyo kwenye kitu chochote kinachouzwa mjini hapa.

Nimepima kwa futi kamba mara tatu, maana sikuamini: mita nane na ziada kidogo. Sari ninazozijua mimi ni mita tano na nusu.

Kuna uzi wa dhahabu ulishajikata wenyewe pembeni. Nimeukwaruza: ndani yake kuna uzi mwekundu. Nikachoma uzi mmoja wa rangi ya bilinganya uliokuwa unaning'inia, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni. Hilo nililijua kabla, nilitaka tu kujiridhisha.

Na mteja kampigia mama yake simu. Mama anasema yule bibi alitoka "Bangalore au Mysore, huko huko", na miaka ya mwanzo alikuwa haelewani lugha na wifi zake, wakawa wanaongea Kiswahili nyumbani. Nimecheka hadi machozi.

Msomi wa Mysore

Fundi, kaka yako nilisoma Mysore, kusini mwa India, na huyo ndege nimeishi naye miaka yote ya chuo. Anaitwa gandaberunda. Sifa yake moja tu: nguvu. Tembo ndiye mnyama mkubwa kuliko wote nchi kavu, sasa ndege anayembeba tembo mdomoni kama ndege mdiria abebavyo kidagaa, huyo hana mpinzani. Ndiyo maana wafalme walimgombea. Sarafu za Achyuta Deva Raya, mfalme wa Vijayanagara, dola ya kale ya huko kusini, aliyetawala 1529 hadi 1542, zina ndege huyohuyo akiwa na tembo midomoni na kuchani, yaani picha uliyoisoma kwa miwani ya mzee wa vifungo. Dola ile ilipoanguka, ukoo wa Wodeyar wa Mysore ukamchukua akawa nembo yao, wakatawala naye mpaka India inapata uhuru 1947. Jimbo lenyewe liliitwa Mysore hadi 1973, lilipobadilishwa kuwa Karnataka.

Sasa sikiliza hapa. Nembo ya serikali ya Karnataka leo hii ni ngao nyekundu, katikati gandaberunda mweupe, na wanaoishikilia ngao kushoto na kulia ni wanyama wawili wenye mwili wa simba na kichwa cha tembo. Wanyama wako wote wawili wako kwenye bahasha za serikali kule. Kila barua ya kuongeza muda wa kuishi niliyopokea iliyotoka ofisi ya jimbo ilikuwa nao juu.

Huyo simba wa mkonga ni yali. Yupo wa kichwa cha simba, wa kichwa cha tembo, hata wa kichwa cha farasi. Kazi yake ni ulinzi. Nenda hekalu la Vitthala pale Hampi, au la Meenakshi kule Madurai, nguzo zimechongwa yali kwa safu, na wengine wana watu wadogo wamewapanda mgongoni. Kumweka kwenye pindo la sari kunaleta maana ileile, anazunguka mwili wa mvaaji. Na bata wako ni hamsa, wengine kusini wanamwita annapakshi. Ndiye kipando cha Saraswati, mungu wa elimu, na inasemwa ukimpa maziwa yaliyochanganywa na maji anakunywa maziwa anaacha maji. Wauza maziwa wa Igoma wasingempenda.

Kuhusu ufumaji, ule mpaka wa meno uliokunyima usingizi unaitwa korvai, na ndio fahari ya wafumaji wa Kanchipuram, mji wa mahekalu ulio kama kilomita 70 kutoka Chennai. Wanatumia vyano vitatu, yaani vile vibao vya kupitishia uzi wa upana, badala ya kimoja: kimoja cha pindo la kulia, kimoja cha katikati, kimoja cha pindo la kushoto. Mfumaji mmoja hana mikono ya kutosha, kwa hiyo hukaa na msaidizi pembeni, mara nyingi kijana wa nyumbani, wakirushiana. Hariri yenyewe kwa kawaida hutoka Karnataka. Na zari, Mjukuu wa Ba furahi, hutoka Surat, huko huko Gujarat kwenu. Zari ya kweli ni waya wa fedha uliopondwa ukawa bapa, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri, kisha ukapakwa dhahabu. Weusi anaouona fundi ni fedha iliyo chini inapumua. Na uzi mwekundu wa ndani ni dalili nzuri sana, maana za bandia ukizikwaruza unakuta kitu kingine kabisa.

Mita nane na ziada ni yadi 9. Ndivyo wanawake wa kusini walivyovaa zamani, na wazee wa baadhi ya koo za Kibrahmani wanavaa hivyo hadi leo kwenye ibada na harusi. Sari za sasa ni yadi 6. Kwa hiyo mwaka wa kufumwa siwezi kuutaja kwa picha ya simu, lakini uniambie mvaaji wake alikuwa mtu wa desturi za kale, nitakubali mara moja. Mwanamke wa Mysore kuvaa hariri ya Kanchipuram siku ya ndoa yake si ajabu hata kidogo.

Kwa nini huzioni nyingi? Ziliuzwa kwa uzito. Familia ikibanwa, sari ya zari ilipelekwa kwa sonara, ikachomwa, ikabaki fedha na chembe ya dhahabu. Yali wangapi walikwenda kwa njia hiyo, Mungu anajua.

Fundi wa Makoroboi

Kaka, nimesoma na wasaidizi wangu, mmoja akasoma kwa sauti, duka zima likanyamaza. Sasa mnanikatisha tamaa ya kazi au mnanitia moyo? Niulize wazi: kukata ni mwiko? Maana mimi riziki yangu ni kukata. Na mteja anauliza kwa haki yake, kitambaa ni chake, kapewa mama yake kwa kazi ya mikono yake.

Msomi wa Mysore

Si mwiko. Nikupe mfano mmoja mkubwa.

Kuna hariri ya Assam, kaskazini-mashariki ya India, inaitwa Vrindavani Vastra, iko British Museum, London. Ina urefu wa zaidi ya mita 9. Imejaa hadithi za utoto wa Krishna, mungu wa Wahindu: Bakasura, zimwi lililojigeuza korongo, Krishna analishika mdomo analichana; Kaliya, nyoka wa vichwa vingi aliyetia sumu mto Yamuna, Krishna anacheza juu ya vichwa vyake hadi nyoka anasalimu amri. Kuna hata maneno yamefumwa, yametoka kwenye tamthilia ya Sankaradeva, mwalimu wa dini aliyefariki 1568 na ambaye ndiye anayesifiwa kuwaongoza wafumaji wa Barpeta kufuma nguo ya kwanza ya aina hiyo. Ile ya kwanza haipo tena. Hii ya London ni ya karne ya 17.

Na si pande moja. Ni vipande 12 vilivyoshonwa pamoja. Vilitoka Assam, vikapanda milima hadi Tibet, huko vikawa pazia la kutundika kwenye nyumba ya Wabudha, wakaongezea juu vitambaa vya Kichina. Jeshi la Uingereza lilipoingia Tibet 1903 na 1904, mwandishi wa gazeti la The Times aliyefuatana nalo, Perceval Landon, akaichukua, na 1905 ikaingia makumbusho. Namna ile ya kufuma ilishapotea Assam.

Kwa hiyo nguo ile ilihamishwa, ikabadilishwa dini, ikashonwa upya, na bado inasomeka. Inasomeka kwa sababu aliyeishona hakumkata korongo katikati. Mito ya makochi ndiyo inayoniuma mimi, kwa sababu mto wa inchi 18 unamkata yali katikati, na mgongo wa mgeni unamaliza nusu iliyobaki.

Mwalimu Mstaafu, Kisesa

Nimefuata mjadala huu kimyakimya, ngoja nichangie. Nilifundisha historia, na sasa nikichoka bustanini naenda kukaa Bujora pale makumbusho ya Wasukuma, karibu na nyumbani.

Msomi, katika hadithi hizo hizo za utoto wa Krishna yumo Aghasura. Huyo alijigeuza chatu mkubwa kiasi kwamba watoto wachunga ng'ombe walidhani mdomo wake ni pango, wakaingia na ndama wao. Krishna akaingia naye, akajikuza humo ndani hadi chatu akakosa pumzi, na wenzake wakatoka wazima. Msukuma yeyote aliyelelewa na bibi atajua nataka kusema nini. Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto wake, Masala Kulangwa, akakua, akalitafuta zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Sisemi wao walichukua kwetu wala sisi kwao. Nasema mtoto kule Bujora anayecheza na chatu kwenye ngoma ya Bayeye, ukimwonyesha Krishna juu ya kichwa cha Kaliya, hatahitaji maelezo. Ataangalia kama miguu imekaa sawa.

Tofauti ni kwamba wao walifuma. Sisi tulilima pamba ya nchi nzima, kiwanda cha nguo tukawa nacho hapa hapa Mwanza, na Shing'weng'we hajawahi kukaa kwenye khanga hata moja ninayoijua. Wachora vitenge mnisikie.

Fundi, kuna kipande cha hadithi ambacho watu wanakiruka. Masala Kulangwa alipokuwa anapasua lile tumbo, kisu kilimpitia sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi hakushukuru kuokolewa, alidai sikio lake. Wewe shika mkasi wako ukijua hivyo.

Fundi wa Makoroboi

Shikamoo mwalimu. Nimecheka, kisha nikaacha kucheka.

Sato Mkavu

Nimeelimika, naondoa frimasoni yangu. Ila mwalimu, Shing'weng'we kwenye khanga ataandikwa jina gani chini?

Mwalimu Mstaafu, Kisesa

Umenimeza lakini sijafa. Andika, sitadai malipo.

Mzigo Safi

Fundi natoa laki mbili cash leo hii, nipo stendi ya Nyegezi. Hizo zari nina mtu anazinunua kwa gramu.

Fundi wa Makoroboi

Mzigo Safi, si changu na mwenyewe hauzi. Ungesoma kule juu usingeandika hilo neno gramu.

Mjukuu wa Ba

Fundi, kabla hujaamua mshono nisikilize mambo ya utunzaji, haya Ba alinifundisha kwa kofi. Usikifue, na usikipeleke drai klina ya haraka. Usikirudishe kwenye rambo, hewa ya ziwa na nailoni ni maadui wa hariri. Usikikunje tena kwenye mikunjo ile ile ya zamani, hapo ndipo uzi unapokatika, kwanza kwenye zari kwa sababu ni waya. Zungushia kwenye bomba, funika na amerikani iliyofuliwa bila manukato, weka gizani. Pasi isiguse dhahabu. Nafthalini ikae mbali, na wewe ukikishika vua pete.

Fundi wa Makoroboi

Wadau, mrejesho. Mteja amekuja jioni, nikamketisha, nikampa simu asome mwenyewe. Alipofika kwenye nembo ya Karnataka akaniomba nimwonyeshe picha yake, tukaitafuta, tukaiweka pembeni ya kitambaa. Akasema, "Kumbe mama alikuwa na serikali chini ya kitanda." Mito ya makochi imefutwa, atachukua vitenge.

Gauni nimependekeza hivi, na mafundi mnikosoe. Nashona gauni refu la kubana, la rangi ya bilinganya tupu, kitambaa cha kawaida chenye bitana nzuri. Hariri haikatwi. Inapita juu: inaanzia kiunoni upande wa kushoto, inazunguka, inapanda bega la kulia, na ile ncha ya dhahabu inashuka mgongoni hadi sakafuni, gandaberunda aonekane wakati binti anaingia ukumbini. Mita zinazozidi nazilaza kwa mikunjo mipana mbele. Nilitaka kutumia pini nikaogopa matundu, kwa hiyo nafunga tepe ndani ya gauni, kiunoni na begani, naishikiza hariri kwa mishono mirefu ya mkono kwenye ile sehemu tupu ya bilinganya, uzi wa hariri, kesho yake unafumuliwa na sari inabaki nzima. Pindo la chini naliwekea utepe wa pamba kwa ndani lisikwaruze sakafu. Binti kaambiwa asikalie mkia, na mpambe wake kaambiwa asimwamini.

Mteja kakubali kwa sharti bei isipande. Bei imepanda. Tumekutana katikati.

Blauzi ya mama bado anaitaka. Nimemwambia tutatafuta hariri mpya inayoelekeana, kama kuna anayejua duka lenye rangi hiyo hapa mjini bila kuagiza Dar, aniambie. Na nahitaji lile bomba gumu la karatasi la katikati ya jora, refu kuliko upana wa sari, maana yangu yote wasaidizi walishageuza fimbo za kufukuzia paka.

Mjukuu wa Ba

Mabomba yapo stoo kwetu, majora yanaisha kila wiki. Tuma kijana kabla ya saa kumi na moja, tunafunga mapema leo. Rangi ya bilinganya niliiona duka la pili kutoka kona ukitokea hekaluni, lakini ishike kwanza, muuzaji ataapa ni hariri.

Fundi wa Makoroboi

Nitakwenda na kiberiti.